Kiingereza cha Mambo Yaliyopita

Jumatatu, 3 Machi

Kidato cha tatu wamenimaliza leo. Niliwaambia kila mmoja asimulie jambo lililompata, kwa Kiingereza, hadithi fupi tu. Mmoja alienda sokoni jana, ananunua viatu leo, na atachapwa na mamake sijui lini. Nikawaambia hadithi si sukuma wiki ya kutupwa yote kwa sufuria moja. Kuna kilichotokea. Kuna kilichokuwa kinaendelea wakati kile kingine kinatokea. Na kuna kilichokuwa kimeshatokea kabla hata sisi hatujafika. Ukivichanganya, mtu hajui nani alimpiga nani. Wakacheka, halafu wakavichanganya tena.

Bhoke peke yake ndiye aliyefika mwisho bila kupotea njia. Ni yule msichana Mkuria anayekaa nyuma karibu na dirisha. Walihamia huku kutoka Kegonga, na mamake huosha mchanga wa dhahabu pale pale machimboni anapofanya kazi mume wangu, Byron.

Jioni nikamweleza Byron akiosha miguu. Akasema Kiingereza kina wakati uliopita wa kila aina kwa sababu Wazungu wana mengi ya kujitetea. Huyu mtu! Nilicheka mpaka ugali ukashika chini. Mimi Mkisii, yeye Mjaluo, nyumba yetu inaongea Kiswahili, na hata hii shajara naiandika kwa lugha tuliyotongozana nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Baba mkwe wangu, Mzee Elkana, ametoa mbegu za mahindi kwenye debe na kuzianika barazani kama mtu anayetaka zionekane. Byron amemwambia watapanda wiki ijayo.

Jumamosi, 8 Machi

Shimo limeporomoka. Wawili wametolewa wazima. Byron bado yuko chini. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika sasa kwa sababu nikilala naona udongo.

Jumamosi nilikuwa kanisani. Mwenye shimo, Onsongo, ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na alikuwa ameketi mbele yangu simu ilipomtetemeka mfukoni. Yeye mwenyewe hachimbi Sabato, ila shimo lake halijui Sabato. Alitoka, akarudi, akanishika bega. "Dada Orpah, twende." Alinibeba kwa gari lake. Njia nzima alikuwa anaomba kwa Kikisii, na mimi nilikuwa naitikia amina bila kujua naitikia nini.

Walinizuia kukaribia. Kulikuwa na kamba, na vijana wanasema hapo ni hatari, madam. Nikawekwa kwenye hema kando ya barabara na akina mama wa kanisa, nikapewa chai. Kwa mbali niliona akina mama wanaoosha mchanga wameketi chini karibu na shimo jipya la Onsongo, lililo kando ya lile lililoporomoka, makarai yameinamishwa, hakuna anayeinua kichwa. Nilidhani ni heshima.

Watu wa uokoaji walifika Jumapili na mashine ya kuchimba. Mkubwa wao akauliza kama kuna aliyesikia sauti yoyote kutoka chini. Onsongo akasema hapana, wametega masikio tangu jana na hakuna. Akawaonyesha pa kuchimba, upande wa juu, kwenye mdomo wa shimo la zamani. Pampu yake ilikuwa inanguruma kule kwenye shimo jipya, akasema inapunguza maji ili Byron asifikiwe na maji. Nilimwambia Mungu akubariki. Nilimwambia hivyo, na kwa moyo wote.

Jumapili mchana mvua ilimwagika. Leo asubuhi mashine imezama kwenye matope hadi tumboni. Saa nane wameikokota, wamenipa pole mmoja mmoja, wamekwenda. Mkubwa wao alisema aliye chini ni lazima alikufa papo hapo Jumamosi, hakuumia. Nilishikilia hayo maneno njia yote ya kurudi nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Boma letu lina msiba usio na maiti. Sheria za hapa sikuzaliwa nazo, lakini nimeolewa ndani yake: mtu wa boma akifa na hajazikwa, hakuna jembe linalogusa shamba la boma hilo. Na majirani wanapanda. Tangu alfajiri nasikia ng'ombe wa jirani wakivuta plau, na Baba mkwe yuko barazani anatazama.

Leo ameniita. "Nyar Kisii, keti." Binti wa Kisii, ndivyo anavyoniita tangu harusi, jina langu hajawahi kulitaja. Akaniambia Wajaluo wana njia yao mtu akipotelea mahali asipoweza kutolewa. Hutafutwa tunda la yago, lile refu zito linalolingana na mkono wa mtu, likavikwa sanda na kuzikwa kama yeye. Baada ya hapo boma liko huru.

"Nizike tunda, Baba?"

"Uzike mume wako."

"Mume wangu yuko kwa shimo la Onsongo. Wamtoe."

Akatazama mawingu. "Mvua inapita, nyar Kisii. Inapita hivi hivi."

Nikaondoka kabla sijamtusi. Mtoto wake yuko chini ya ardhi na yeye anafikiria mahindi! Sijawahi kumchukia mtu mzima namna hii.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi kazini. Mwalimu mkuu akasema nichukue ruhusa, nikamuuliza nikae nyumbani nitazame nini, barabara? Kidato cha tatu wakasimama wote nilipoingia. Kiranja akatoa rambirambi kwa Kiingereza alichokariri, kwamba mume wangu alikuwa mtu mwema. Nikamwambia keti. Nikafundisha mpaka kengele, nimegeukia ubao muda wote.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

Alhamisi, 20 Machi

Onsongo amekuja na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Ameketi na Baba muda mrefu, halafu akaniita, sauti ya upole kabisa. Wachimbaji wamekataa kushuka kwenye shimo lolote, hata jipya, wakati mwenzao amelala chini bila kuzikwa. Vijana wanakaa bure, akina mama wanakaa bure, watoto wanalala njaa. Yeye yuko tayari kugharamia kila kitu: hema, viti, ng'ombe, hata usafiri wa kulifuata hilo yago.

"Mimi ni Msabato kama wewe, dada. Haya mambo ya matunda si yetu. Lakini tumwache mzee apumzike."

Alitoa kitambaa akafuta macho. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilisema moyoni, angalau kuna mtu mmoja hapa mwenye utu.

Wifi yangu Scovia amefika kutoka Takawiri, kisiwani alikoolewa. Amevuka ziwa na mvua yote hii, nguo zimeloa. Alinikumbatia tukalia. Halafu naye akaanza. "Wifi, mwanamke asiye na kaburi la mumewe atasimama wapi? Wewe si mke, si mjane. Watu watakuita nani?"

"Wataniita Orpah."

Alienda kupika.

Jumamosi, 22 Machi

Mahindi ya jirani yameota. Mistari ya kijani hadi kwenye mpaka wetu, halafu matope matupu. Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 24 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa nimewaambia kidato cha tatu leo hakuna kuandika, watasimama na kusimulia kwa mdomo. Nilitaka tu kuketi. Kijana mmoja akasimulia chui aliyekula mbuzi wa babu yake, mwingine mechi ya mpira kule Uriri. Halafu Bhoke akanyoosha mkono, yeye ambaye huwa hanyooshi mkono hata akiumwa.

Alianza na zile za hapo zamani za kale. Nanakili kwa Kiswahili, lakini alisema kwa Kiingereza, na kilinyooka kuliko siku zote.

Palikuwa na kilima. Chini ya kilima akina mama walikuwa wanaosha mchanga. Siku moja kilima kilianguka, na mtu mmoja alikuwa ndani. Akina mama walinyamaza wakasikia, ngo, ngo, ngo, halafu kimya, halafu ngo, ngo, ngo. Walikimbia wakamwambia mwenye kilima. Mwenye kilima alikuja, akalaza sikio kwenye ukuta wa shimo lake jipya, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema ni maji. Lakini maji hayagongi mara tatu yakapumzika. Alikuwa amepata dhahabu nyingi kwenye shimo jipya, na ukuta ule ukivunjwa, shimo lingejaa udongo. Kwa hivyo aliwasha mashine yenye kelele. Wageni walipokuja kuokoa, aliwapeleka upande mwingine. Akina mama alikuwa ameshawaapisha, kila mmoja na mchanga mkononi, kila mmoja kwa kichwa cha mtoto wake, kwamba hawatasema. Yule mtu alikuwa anagonga Jumamosi. Alikuwa anagonga Jumapili. Jumatatu asubuhi ile mashine ya kelele ilizimwa kidogo ili itiwe mafuta, na bado alikuwa anagonga, polepole. Kisha hakugonga.

Akaketi.

Mtu mmoja akacheka. "Madam, si ni stori tu? Kilima kinagongaje?" Wengine hawakucheka. Nadhani wengine walikuwa wanajua.

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya maabara. Kisha nikamwita Bhoke. Alisimama mbele yangu, mikono imeshikana nyuma.

"Nani amekwambia hii hadithi?"

"Madam, hiyo ni ya zamani za kale."

"Bhoke."

Machozi yakaanza. "Madam, Jumapili na Jumatatu asubuhi nilipelekea mama chakula. Nilisikia. Mama aliapa kwa kichwa yangu. Akisema, mimi nakufa. Lakini waliapa kwa Kikuria na kwa Kijaluo. Kwa Kiingereza hawakuapa." Akajipangusa kwa mkono wa sweta. "Na nimeweka ya zamani za kale ndiyo isikuwe ni mimi nimesema."

Nilimshika nikamlaza kifuani hapo hapo, mwalimu mkuu akitutazama kutoka ofisini. Mtoto ametafuta mlango ambao kiapo hakikuufunga, na mlango wenyewe nimemfundisha mimi.

Alikuwa hai mpaka Jumatatu. Mimi nilikuwa kwenye hema nakunywa chai.

Jumanne, 25 Machi

Nilimfuata Mama Bhoke kwake. Anaishi kwenye nyumba za mabati nyuma ya machimbo. Alikuwa anachambua mboga, na aliponiona kisu kilisimama.

"Mama Bhoke, mimi sijakuja kukupeleka kwa polisi. Niambie tu. Mlimsikia?"

"Mwalimu, mimi sijui hiyo maneno."

"Bhoke amesema."

"Bhoke anatunga." Alisema bila kuinua macho. "Si ni wewe umemfundisha kutunga? Unafundisha watoto ya watu kutunga hadithi, halafu unakuja kuuliza mimi kama ni ukweli."

Alipoinuka kuniaga niliona midomo yake imepasuka na imekauka, na macho ya mtu asiyelala. Mlangoni akanishika mkono, akaubana sana mpaka ukaniuma, akaniachia.

Jumatano, 26 Machi

Bhoke hakuja shule.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda kuripoti. Afisa mmoja kijana aliniwekea kiti, akasikiliza, akauliza aliyesikia ni nani na kama anaweza kuandikisha taarifa. Nikasema siwezi kumtaja. Nikitaja mtoto, nimemtupa mbele ya Onsongo na mbele ya kiapo cha mamake. "Madam, bila shahidi hii ni fununu," akasema, na haki yake ilikuwa hiyo. Nimerudi kwa miguu kwenye matope, namtukana Onsongo kwa lugha zote ninazozijua.

Bhoke hajaja tena.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimemwona Baba mkwe vizuri kwa mara ya kwanza.

Mvua ilikuwa inanyesha na yeye amesimama katikati ya shamba, bila koti, bila mwavuli. Nilimfuata na shuka la plastiki. Nilifikiri anapima unyevu wa udongo, nikajitayarisha kwa maneno. Kumbe alikuwa analia. Mzee mzima analia kwenye mvua ili asionekane.

"Jirani ameniambia nipande tu kidogo kidogo, kule nyuma, hakuna atakayeona," akasema. "Nyar Kisii, mimi siwezi kupanda juu ya mtoto wangu. Ninataka kumzika ndiyo niache kumsikia." Akapiga kifua. "Kila siku nasikia kama ananiita. Nikizika labda ataacha."

Nilimfunika na lile plastiki tukasimama wote wawili. Nilitaka kumwambia. Lakini angeenda kwa Onsongo na panga siku hiyo hiyo, angeuawa au angeua, na Mama Bhoke angeulizwa nani kasema.

Mahindi si mahindi kwake. Nilimwona mchoyo mwezi mzima, na kumbe alikuwa anatafuta tu njia ya kumlaza mwanawe.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekubali yago lizikwe. Baba alinishukuru kwa mikono miwili. Onsongo alikuja mbio, amefurahi, anajaribu kutoonekana amefurahi. Nikamwambia nina sharti moja. Wasifu wa Byron nitausoma mimi.

"Bila shaka, dada. Na uusome kwa Kiingereza, tutakuwa na wageni wakubwa. Wewe ndiye mwenye Kiingereza hapa."

"Nitausoma kwa Kiingereza," nikamwambia.

Jumatano, 2 Aprili

Shemeji Frankline, mdogo wa Byron, ameleta yago kutoka upande wa Homa Bay. Huku miti imekwisha kwa makaa. Ni zito, la rangi ya kijivu, Scovia amelipakata kama mtoto. Nilidhani nitacheka nikiliona. Sikucheka.

Naandika wasifu. Ni kazi niliyowafundisha watoto miaka yote: panga yaliyotokea yafuatane, sema nini kilikuwa kinaendelea, sema nini kilikuwa kimeshafanywa. Nimeuandika mara nyingi na kila mara nikifika Jumamosi nachana karatasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemaliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Nitaandika yote hata nikimaliza mshumaa.

Hema lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye matope. Onsongo aliketi mstari wa kwanza, suti nyeusi, kitambaa mkononi. Akina mama wa kuosha mchanga waliketi nyuma kabisa, karibu na kaburi. Bhoke hakuwepo. Mbele, juu ya meza, yago limevikwa shuka jeupe, limefungwa katikati kwa kamba.

Mchungaji aliniita. Nilisoma taratibu. Byron alizaliwa, alisoma, aliacha shule karo ilipokosekana. Aliuza simu Homa Bay, na mimi nilikuwa huko nikifanya mazoezi ya ualimu, na alinidanganya kwamba chaja yangu imeharibika ili nirudi kesho yake. Watu wakacheka. Alinioa. Alikuwa mcheshi. Wageni wakubwa walikuwa wanatikisa vichwa, wanajipepea na karatasi za programu.

Nikafika Jumamosi. Nikasema ukuta ulianguka saa ambayo mimi na mwenye shimo tulikuwa tunaimba. Nikasema Byron hakufa. Nikasema: He was knocking. Karatasi zikaacha kupepea. Nikasema alikuwa anagonga Jumamosi, Jumapili na hata Jumatatu asubuhi, na kwamba mwenye shimo alilaza sikio ukutani akamsikia, na kwamba alikuwa ameshawasha pampu kabla waokoaji hawajafika, na aliwapeleka upande usio na mtu.

Mchungaji aliinuka. Onsongo alimtangulia, mikono imenyooshwa kwangu kama anayempokea mgonjwa. "Jamani, dada amechoka. Ni huzuni. Tumshike."

"Usiniguse!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kisha nikaweka karatasi chini, nikageukia watu wa nyuma, nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu Baba alikuwa ananitazama na hajaelewa hata neno moja. "Baba, Byron hakufa siku ile. Alikuwa anagonga. Mpaka Jumatatu alikuwa anagonga, na huyu alimsikia, na alinyamaza kwa sababu ya dhahabu."

Mzee Elkana akasimama. Alichukua muda kusimama. "Nani alisikia?"

Mvua kidogo juu ya hema.

"Nauliza nani alisikia mtoto wangu."

Onsongo akacheka kidogo, cheko la kumhurumia mtu. "Mzee wangu, hizi ni hadithi za darasani. Mwalimu anafundisha watoto kutunga, sasa ametunga. Muulize huyo shahidi wake yuko wapi. Kuna mtu hapa alisikia? Aseme."

Aligeuka akawatazama akina mama wa nyuma, mmoja mmoja. Nami niliwatazama. Kila mmoja alifunga midomo. Nikajua nimeshindwa, na kwamba kesho Mama Bhoke atafukuzwa yeye na mtoto wake, na kosa ni langu.

Mama Bhoke akainuka. Alifunga leso yake kiunoni, akalikaza fundo. Hakufungua mdomo. Alipita katikati ya viti, akapita mbele ya Onsongo, akatoka kwenye hema akashika barabara ya machimboni. Mwingine akainuka akamfuata. Kisha watatu kwa pamoja, kisha wote, wenye watoto mgongoni na wasio nao, hakuna hata mmoja aliyesema neno. Waliapa kutosema. Hakuna aliyewaapisha wasitembee.

"Nyinyi mnaenda wapi?" Onsongo alipaza sauti. "Mama Bhoke! Rudi! Utakula wapi kesho?"

Baba alikuwa ameshafika kwenye kaburi. Alichomoa jembe kwenye lundo la udongo, akaliweka begani, akawafuata. Frankline naye akachukua chepe, na vijana wa shimo wakamfuata. Niliacha yago mezani, niliacha mchungaji na mdomo wazi, nikavua viatu nikakimbia.

Mama Bhoke alipita mdomo wa shimo la zamani bila kuutazama. Alipita pale kamba ilipokuwa imefungwa. Alifika kwenye shimo jipya la Onsongo, akaketi chini kwenye matope mbele ya mdomo wake, miguu imenyooka mbele, kama tunavyoketi matangani. Wengine wakaketi kandokando yake. Alinitazama, machozi yanamtoka, midomo imefungwa kabisa.

Vijana waliokataa kushuka mwezi mzima wakashuka.

Jumamosi, 5 Aprili

Wamempata.

Waliingia kwa shimo jipya, wakatafuta pahali ukuta unaposikika tupu ukiugonga, wakavunja. Hawakuchukua hata nusu ya siku. Baba alishika kamba ya juu mwenyewe, akakataa kumwachia mtu mwingine. Onsongo hakuonekana, na gari lake halikuonekana. Polisi wamefika safari hii bila kuitwa na mimi.

Walinizuia kumwona uso. Niliona mkono na mshipi, inatosha. Frankline, aliyeingia hadi mwisho, aliketi kando yangu akaniambia. Amesema pale Byron alipokuwa hapakuwa na maji wala udongo wa kumfunika. Palikuwa pakavu. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye jiwe, nyundo mapajani.

Nikamwomba anionyeshe unene wa ukuta uliokuwa kati yake na shimo jipya. Akanyoosha mkono wake, akagusa bega, kisha akagusa kiwiko. Basi, hapo tu. Amesema upande wa Byron ulikuwa umechimbwa sana, umechimbwa kwa nyundo na kwa vidole. Upande wetu ulikuwa haujaguswa.